Milimita Tatu

Katika karakana ya miguu ya bandia, nyuma ya jengo la upasuaji, kulikuwa na mtu aliyeitwa Vumbi, na hakuna aliyejisumbua kumwita vinginevyo. Kazi yake ilikuwa kulainisha plasta. Asubuhi aliingia na rangi yake, mchana akawa mweupe nywele, nyusi hadi kope, jioni akajikung'uta mlangoni akaenda zake. Ukimsalimia, anaitika. Usipomsalimia, basi, hadai. Mafundi wenzake walisema ukimkanyaga Vumbi mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi.

Mkuu wa karakana alikuwa mama mmoja mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe, na kalipa ya kupimia haikutoka mfukoni mwake. Wote walimwita Madamu. Tusimwonee: alikuwa mchapakazi, na cheti chake hakukiokota. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Aliamini kwamba mtu anayejua jambo lazima alitangaze, na asiyetangaza hana la kutangaza.

Kazi ilikwenda hivi. Mgonjwa alikuja na kigutu chake, kipande cha mguu kilichosalia baada ya kukatwa, Madamu akakizungushia bendeji za plasta. Zikikauka alizivua, akamimina uji wa plasta ndani ya lile ganda, akapata sanamu ya kigutu, nyeupe na nzito. Aliipima kwa kalipa na kuitengeneza: hapa nyama inavumilia, punguza, hapa mfupa uko juu, ongeza. Kisha sanamu ilikwenda kwa Vumbi ailainishe kwa tupa na msasa, ndipo ikafunikwa plastiki ya moto, ambayo ikipoa inakuwa kikombe, yaani ile sehemu ya mguu wa bandia inayopokea kigutu. Kikombe kikikosea kidogo tu, mtu anachubuka. Vikombe vya Madamu havikuwa vikichubua. Watu walitumwa kutoka hospitali nyingine, wakazipita karakana mbili tatu njiani, ili wamfikie yeye. Kichwa kilimvimba, na kwa nini kisivimbe?

Siku moja wanafunzi sita waliokuja kujifunza kwa vitendo walikuwa wamemzunguka. Madamu akachukua sanamu kwenye meza ya Vumbi awaonyeshe namna ya kuhakiki kipimo. Akaweka kalipa. Akaitoa, akaipangusa, akaiweka tena. Chini ya goti, upande wa nje, plasta ilikuwa imezidi milimita tatu.

"Vumbi! Nani amekutuma kuongeza hapa?"

"Hakuna, Madamu."

"Sasa?"

"Pangembana akishuka ngazi."

"Pangembana!" Akawageukia wanafunzi. "Mmesikia? Mimi nimepima, mwenzangu ameota. Hebu tuambie, Vumbi, umesomea wapi?"

Vumbi akatazama viatu vyake. "Hapahapa, Madamu."

Wanafunzi waliangua kicheko, na Madamu akacheka pamoja nao. Jumatatu iliyofuata Vumbi alihamishiwa chumba cha kufulia, akakunje mashuka.

Mwezi wa kwanza wakarudi wagonjwa wawili wamechubuka. Madamu akailaumu plastiki. Mwezi wa pili wakarudi watano, akalilaumu tanuri. Walipofika tisa akawageukia wagonjwa wenyewe: wewe umenenepa, wewe umekonda, wewe soksi huivai ipasavyo. Akapima upya, akatengeneza upya. Kalipa ilimwambia mambo ni sawa, na watu waliendelea kurudi wakichechemea.

Mmoja wao alikuwa Mama Mikate, mwoka mikate aliyekuwa akitengenezewa mguu wake hapo kwa miaka mingi. Kikombe kipya kilimtia kidonda kwenye mfupa wa muundi. Akapewa cha pili, kidonda kikazama zaidi. Daktari wa upasuaji alikitazama, akasema bila kuzunguka kwamba akae bila mguu mpaka kifunge, lakini kikombe kitakachofuata kikimchubua tena palepale, atamkata juu ya goti.

Mama Mikate alimshika Madamu mkono. "Mwanangu, mimi nasimama saa kumi kwa siku. Goti hili ndilo linaloniendeshea duka. Nitazamie vizuri safari hii, tafadhali."

Madamu akaahidi. Akiwa peke yake, akaona kwamba hajui arekebishe nini. Akakumbuka kwamba Mama Mikate alikuwa na kikombe cha zamani, kile alichokivaa miaka sita bila mkwaruzo mpaka kikapasuka ukingo. Kilikuwa bado stoo. Akakimwagia plasta ndani, akapata sanamu ya ile siku ya zamani, akafungua faili lenye vipimo alivyoviandika mwenyewe, akatoa kalipa.

Havikulingana. Kati ya sehemu saba, tano zilikuwa tofauti.

Akatoa kikombe cha mpeleka barua. Hakikulingana. Akatoa cha mwalimu wa hesabu, cha mshona viatu, cha yule bibi mwenye maneno mengi. Alimwaga plasta siku nzima kama aliyepagawa, na kila alipopima jibu lilikuwa lilelile. Vipimo vyake vilikuwa kwenye karatasi. Watu walikuwa wakitembelea vipimo vya Vumbi.

Aliketi juu ya mfuko wa plasta na koti lake la pasi. Akaikumbuka siku ile ya wanafunzi, akakisikia kicheko chake mwenyewe, akatamani ardhi ipasuke immeze. Sifa zote zile alizozipokea kwa shingo ndefu! Hata hakujua ipi irudishwe na ipi abaki nayo.

Angeweza kupiga simu Vumbi aletwe. Kwa hili tumpe haki yake: alikwenda kwa miguu. Chumba cha kufulia kilijaa mvuke na ngurumo za mashine, na Vumbi alikuwa mwisho kabisa, akikunja mashuka yakalingana pembe kwa pembe.

"Kaka," akasema Madamu.

Vumbi akageuka nyuma kuona nani anaitwa.

"Ni wewe, kaka. Nimekosa, na nimekuja kukuomba." Akamweleza habari za Mama Mikate na kisu kinachomsubiri.

Vumbi aliweka shuka chini. "Mama yule akikanda unga anaegemea kushoto. Ukimpima amekaa huwezi kuona. Inabidi umtazame kasimama mezani."

"Wewe ulimwona wapi anakanda?"

"Nanunua mkate kwake. Na wengine nilikuwa nawaona dirishani, wakipanda na kushuka zile ngazi." Akasema kana kwamba anaungama kosa. "Si kwamba nilijua zaidi yako, Madamu. Nilikuwa natazama tu."

Kidonda kilipofunga, Vumbi alirudi mezani. Mama Mikate alipomwona alimrukia karibu aanguke. "Wewe! Walikuficha wapi?" Madamu akajifanya anatafuta penseli. Vumbi akamsimamisha mama kwa magongo mbele ya meza, akamwambia ajifanye anakanda, akapapasa kigutu, akapapasa sanamu, akaongeza hapa, akakwangua pale, asubuhi nzima. Wiki ya kwanza ikapita, mwezi ukapita, ngozi ikabaki nzima. Daktari akafunga faili, na mama akarudi kwenye unga wake na goti lake.

Hapo Madamu akaona njia ya kusafisha uso. Atampendekeza Vumbi kwa masomo ya ufundi, kwa barua ndefu yenye ukweli wote. Akaenda ofisi ya utumishi kuomba jalada lake.

Lilikuwa jembamba. Ndani mlikuwa na fomu tatu za maombi ya masomo yaleyale, za miaka mitatu tofauti. Kwenye nafasi ya maoni ya mkuu, kila fomu ilikuwa na mwandiko mmoja, wa Madamu. "Mpole, lakini haonyeshi uwezo. Sipendekezi." Ya pili: "Hana dalili ya kipaji." Ya tatu aliona hata uvivu wa kutunga: "Kama awali." Hakukumbuka kuandika hata moja.

"Na sasa nafasi imempita," akasema karani. "Mwisho ni miaka thelathini na mitano. Huyu ana thelathini na minane."

Chini ya maoni palichapwa: Mwombaji athibitishe kuwa ameyasoma. Hapo palikuwa na saini ya Vumbi, ndogo, safi. Mara tatu.

Alimkuta Vumbi anapiga tupa.

"Kaka, haya niliyoandika, uliyasoma?"

Vumbi akalitupia jicho jalada. "Niliyasoma. Usiposaini hawapokei."

"Halafu kesho yake ukarudi hapa kunirekebishia kazi? Miaka yote ile, jina likawa langu?"

Vumbi alipuliza unga wa plasta, akapitisha kiganja juu ya sanamu.

"Miguu haikuwa yako, Madamu," akasema kwa upole wake uleule, akaendelea na kazi. Madamu akabaki amesimama na jalada kifuani, hajui auweke wapi uso wake.