Sufuria ya Lami

Leo wanaziba mashimo ya barabara hapa mtaani Nyamityobora, na harufu ya lami ya moto imenisimamisha njiani, nikiwa na kilo ya maharage mkononi.

Kule Rubondo, kambini tulikokuwa wakimbizi, papa, baba yetu, aliyeyusha lami katika sufuria ya mama ya maharage. Alikuwa anatengeneza darubini. Kila mchana alisugua kioo juu ya kioo kwa unga wa msasa, akilizunguka polepole pipa alilovilazia ili kioo cha darubini kilike sawasawa. Lami ilikuwa ya kuking'arishia.

“Papa ya batoto, mu ile sufuria tutakula maharage ao lami?” mama aliuliza. Lakini ndiye aliyemhesabia mizunguko kwa rozari yake, maana papa alikuwa akisahau.

Darubini ilipokamilika, mwezi ulitoka jua likiwa bado juu. Papa alimwita mama kwanza, kabla yetu sisi watoto. Mama alichungulia kwa muda mrefu.

“Iko na mashimo mingi,” akasema, “sawa barabara ya hapa.”

“Basi tuipelekee lami yenye ilibakia,” papa akamjibu, na mama akacheka mpaka akaketi chini.

Sufuria ile ninayo mimi. Weusi wa lami ungali ndani yake, na sijawahi kuusugua.