Godoro la Mama Dirishani

Kwanza tulisikia mdundo. Ulitoka nyuma ya ukuta wa jirani, mzito, umefunikwa, kama moyo wa mtu aliyejificha chini ya blanketi. Miaka ile ya vita sisi watoto wa mtaa wa Songo tulijua kutofautisha milio: huu wa milimani, huu wa upande wa bandari. Huo haukuwa wowote kati ya hiyo. Kisha mwanamke akacheka ndani yake, nikamtambua: Mama Mdogo Faida, mdogo wa mama yangu.

Ukimtaja Faida mjini kwetu, kila mtu alikumbuka kaseti yake ya kwanza, gitaa moja na nyimbo za machozi zilizopigwa katika kila matanga. Sasa alikuwa akirekodi albamu ya pili, na hiyo ilikuwa na ngoma, kinanda na mapenzi. Ilikuwa ya kuchezwa.

Studio ilikuwa chumba chake cha kulala. Bahati, fundi aliyevuka kutoka Bujumbura na mashine yake na betri ya gari, alisema kuta zile zinarudisha sauti kama ndoo tupu. Basi majirani wakaleta magodoro. Kila asubuhi yalipita barabarani juu ya vichwa vya watu, yenye maua, yenye mistari, yenye ramani za vikojozi tuliowajua kwa majina. Kila jioni yakarudi kulaliwa. Chumba kilinuka usingizi wa mtaa mzima. Humo nilisimama na binamu zangu kuitikia, na hata kanisani sijawahi tena kuhisi nimesimama mahali patakatifu namna ile.

Likabaki wazi dirisha la upande wa ziwa. Wimbo wa mwisho ulikuwa haujanaswa, na Bahati alipaswa kuvuka alasiri hiyo, maana ilisemekana mpaka utafungwa. Nje upepo ulikuwa ukitikisa mabati, malori ya askari yakipita. Lilihitajika godoro pana, na pana kuliko yote lilikuwa la mama, la arusi yake. Tangu baba aende Bukavu, vita vikaziba njia na asirudi, mama alilala upande wake tu. Sisi hatukuruhusiwa hata kulikalia.

“Yaya, minye nakuomba matela,” Faida alimwambia dada yake mlangoni pa jiko, akilitaka godoro lile.

“Matela ya Papa Neema?” Neema ni mimi. Mama hakuinua macho kutoka kwenye sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akitwanga. “Bantu biko nalia, weye uko nabachezesha. Ile kaseti ya kwanza ilikuwa na heshima.”

“Ya kwanza nilibaliza. Bamechoka kulia, Yaya.”

“Weye unajua nini ya mapenzi, hata bwana hauna!”

“Ndiyo sababu niko naimba bwana ya bengine.”

Mama alijizuia kucheka, akashindwa. Lakini hakusema ndiyo.

Tulikuwa tumekwisha kukata tamaa, Bahati akianza kukunja nyaya, godoro lilipoingia mlangoni na miguu ya mama chini yake. Akalisimamisha dirishani, Bahati akalikaza kwa meza. Ziwa likanyamaza. Malori yakanyamaza.

Ngoma ikaanza, ya kuchangamka. Kisha Faida akaimba maneno ambayo baba aliyasema kila jioni langoni, akigonga bati kwa pete yake: fungua mpenzi, nimeleta njaa na habari. Sisi tukaitikia, fungua, fungua. Sikuwa nimejua kwamba maneno ya nyumbani kwetu yanaweza kuwa makubwa kiasi kile, na yakachezwa. Kabla ya mwisho wa wimbo mama alitoka.

Kwa miaka mingi niliamini alitoka kwa hasira. Kaseti ilipigwa arusini kote, toka mtaa wa Kasenga hadi wa Mulongwe, ikachezwa na watu waliokuwa wametoka kuzika. Yeye hakuitaja kamwe.

Juzi nimeisikiliza tena, masikio yamefunikwa vizuri na vipokea sauti. Mwishoni kabisa, chini ya sauti zetu za kitoto, kuna pumzi ya mtu anayelia, kisha bawaba zinazosogea polepole mno. Mlango wa chumba kile ulikuwa wa bati, haukuwahi kufungwa bila kishindo. Mama aliushika kwa mikono yote miwili, akiuvuta kidogo kidogo asiuharibu wimbo wa mdogo wake, mpaka komeo likagusa, tk, ukafungwa nyuma yake.