Muhtasari wa Kundi la Walimu Vijana

Muhtasari wenyewe niliuandika mara nne. Mara ya tatu ulikuwa umekamilika, ila neno moja kwenye ukurasa wa pili lilikuwa limegusa pambizo, nikauchana. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba kilichompata rafiki yangu hakikutokana na uzembe. Nilikifanya kwa uangalifu mkubwa.

Mwaka 2014 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kibondo, mwaka wangu wa pili kazini. Kwetu ni Kasulu. Nilikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kama walimu wenzangu, maana yake nilikuwa na fulana mbili za Mei Mosi na sikumjua kiongozi hata mmoja. Siku moja katibu wetu, mzee mpole aliyekaribia kustaafu, aliitisha mkutano akakuta viti vya mbele vimejaa wazee na vijana tuko watano tu, nyuma kabisa.

"Vijana mmekikimbia chama," alisema. "Shida nini?"

"Katibu, barua ya mkutano inafika shuleni kwetu mkutano umeshaisha," mwalimu mmoja kijana alijibu. "Hata huu wa leo nimeambiwa na mtu wa bodaboda."

Watu wakacheka. Mimi nikanyoosha mkono, ingawa sikuwa nimewahi kusema kitu mbele ya watu wazima wengi hivyo. Nilisema walimu vijana karibu wote wana wasapu. Tukifungua kundi, taarifa itafika siku hiyo hiyo, na wao wataweza kusema shida zao bila kusafiri.

"Basi binti, lifungue," alisema katibu. "Wewe ndiye katibu wangu wa huko mtandaoni."

Cheo hicho kilinilevya. Mambo ya simu nilijifunza mwenyewe kwa kubonyeza na kukosea, hakuna aliyenifundisha, na sasa mtu mzima alikuwa ananiita katibu. Nikatunga kanuni. Kila anayeingia ajitambulishe kwa jina kamili, shule na darasa analofundisha. Hakuna majina ya utani. Hakuna picha za maua na "asubuhi njema". Walioandika "xaxa" badala ya "sasa" niliwasahihisha hadharani. Wakanibatiza jina la Madam Kanuni, nami nikajifanya limeniudhi.

Lakini watu waliingia. Katika miezi miwili walimu ambao hawakuwahi kukanyaga mkutano walikuwa wanaongea kila siku: nyumba zinazovuja, mwalimu mmoja kufundisha madarasa matatu, nyoka chooni. Wakitaniana sana niliwakumbusha mada. Nilihisi chama kimeanza kupumua, na kwamba pumzi hiyo inapita kwenye simu yangu.

Rafiki yangu niliyemtaja mwanzoni alikuwa humo. Tuliripoti kazini wiki moja, tukashiriki chumba kimoja cha gesti hapo Kibondo mjini tukisubiri kupangiwa vituo. Yeye akapangiwa kijiji cha mbali. Mama yake alikuwa mgonjwa, anatibiwa hospitali ya Kabanga, huko Kasulu, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumpeleka. Rafiki yangu alichotaka duniani ni kitu kimoja: kuhamia shule yoyote ya karibu na Kasulu. Aliandika barua ya uhamisho, na barua ya namna hiyo lazima ianzie kwa mwalimu mkuu. Ikaishia kwenye droo yake.

Siku moja akaandika kwenye kundi: "Kwetu barua haipiti mpaka ukalime shamba la mahindi la mkuu Jumamosi."

Wenzake wakaweka vicheko na vikatuni vya majembe. Mimi nikamwandikia pembeni.

"Andika vizuri. Tarehe, alisema nini, nani mwingine alisikia."

"Aa, Madam Kanuni, ya nini yote hayo? Nilikuwa natoa ya moyoni tu."

"Chama hakifanyi kazi na ya moyoni. Unataka uhamisho hutaki?"

Akaandika. Alitaja siku mbili, akataja maneno aliyoambiwa, akataja na walimu wenzake wawili waliokuwapo. Aliandika kwa sababu ni mimi niliyemwambia.

Katibu alikuwa na kitochi, simu ya vitufe ambayo kazi yake kubwa ni kumulika. Kundi hakuliona hata siku moja. "Mimi huko kwenu sifiki," aliniambia. "Niletee muhtasari, kama wa kikao." Nikamwandikia bila majina, nikaweka "mwalimu mmoja" na "shule fulani". Akaurudisha siku hiyo hiyo.

"Binti, huu ni uvumi. Nani kasema, wa shule gani? Nikienda mezani na karatasi hii watanicheka."

Hapa ndipo napaswa kuungama. Nilisita, lakini sikusita kwa ajili ya wenzangu. Nilisita kwa sababu kuongeza majina kungeharibu mpangilio wa kurasa. Halafu nikafungua kitabu cha zamani cha uandishi wa kumbukumbu nilichokiokota stoo ya shule, ambacho ndicho kilikuwa mwalimu wangu, na kilisema kikao kisicho na mahudhurio si kikao. Nikaandika mahudhurio. Nikaandika ajenda, nikaandika yatokanayo, na kila shida nikaipa mwenye nayo, jina na shule. Sikumpa mtu wa steshenari achape kwa sababu huwa anakosea nukta. Niliandika kwa mkono wangu, vichwa vya habari nikavipigia mstari mwekundu kwa rula.

Baada ya majuma matatu rafiki yangu alikuja kwangu siku ya gulio. Kwa kawaida alikuwa akinisalimia kwa Kiha kuanzia njiani, "Mwakeye we!", mpaka majirani wanacheka. Siku hiyo aliingia moja kwa moja. Alitoa karatasi kwenye pochi akaiweka juu ya meza. Ilikuwa nakala ya fotokopi. Mistari yangu myekundu ilikuwa imetoka myeusi.

"Mwandiko wa nani huu?"

Nikaigeuza karatasi kifudifudi.

"Mkuu kanisomea mbele ya walimu wote, ofisini. Kila neno. Wale wawili niliowataja wamekana, hawanisalimii. Barua yangu karudisha, kaandika 'hapendekezwi'."

"Nilimpa katibu tu."

"Na mimi nilikupa wewe tu."

Aliondoka bila kukaa. Nilienda kwa katibu, nikipanga maneno njia nzima. Yeye hakuonyesha hata dalili ya aibu.

"Kwani mwalimu mkuu si mwanachama?" aliniuliza. "Ni mwanachama, na ni mjumbe wa kamati yangu. Mwanachama akilalamikiwa lazima apewe nafasi ya kujibu. Muhtasari ni mali ya wanachama wote, binti. Nawe umeuandika vizuri sana, kila mtu kaelewa."

Nilijua hilo. Hicho ndicho kinachoniuma hadi leo. Walimu wakuu wote wako ndani ya chama kile kile, wanakaa viti vile vya mbele nilivyovitazama siku ya mkutano. Nilikuwa nimehesabu nukta na pambizo, sikuhesabu watu waliokaa mbele yangu.

Niliandika kwenye kundi kueleza. Maelezo yalikuwa marefu, yana aya. Kabla sijamaliza ya pili simu ilionyesha rafiki yangu ametoka. Kisha akatoka mwingine, kisha watatu kwa mpigo. Mmoja aliacha ujumbe: "Madam Kanuni, niandike kwenye mahudhurio kwamba sikuwepo."

Mvua za Novemba zilipoanza nilipanda pikipiki Jumamosi moja kwenda kijijini kwake. Nilimkuta shambani kwa mwalimu mkuu, anapanda mahindi. Nikavua viatu, nikaomba jembe.

"Anzia huko mwisho," alisema bila kuniangalia. "Na tuta lako linyooke. Wewe si mtu wa mistari?"

Mwalimu mkuu alipita saa nne akatusalimia kwa uchangamfu. Alipoambiwa mimi ni nani alinipa mkono. "Kumbe ndiye wewe! Una mwandiko mzuri, mwalimu." Nikasema asante. Nilisema asante, na rafiki yangu alisikia.

Barua yake ilipita Januari. Alihamia Kasulu, na habari hizo nilizipata kwa mtu wa steshenari. Kilichompeleka kwa mama yake ni Jumamosi alizolima.

Mwaka 2015, Mei Mosi ikikaribia, katibu alinunuliwa simu ya tachi na mwanawe. Alinifuata shuleni nimwingize kwenye kundi, nikamwingiza. Jioni akaandika: "Vijana, chama kinawasalimu. Mbona kimya humu?" Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi; wengine wote walikwishatoka. Nikaanza kumwandikia jibu, nikaliwekea vichwa vya habari kabisa. Halafu nikalifuta, nikamfanya yeye msimamizi wa kundi, nikatoka.