Bomba Lililogonga Siku za Jumapili

Katana Kiti alikuwa fundi wa mabomba ya moshi ya magari. Gereji yake, ukipenda kuiita gereji, ilikuwa shimo moja lililosakafiwa kwa saruji nyuma ya maduka ya Makadara, limefunikwa kwa mabati manne. Alizaliwa Kaloleni, na alipofika kisiwani akiwa na miaka kumi na tisa alipata kazi kwa mhunzi wa Kihindi aliyetengeneza matangi ya maji. Huko ndiko alikojifunza kukunja bomba lisibonyee: unalijaza mchanga mkavu, unaziba ncha zote mbili, unalipasha moto mpaka liwe jekundu, kisha unalivuta polepole. Mchanga haulipi bomba nafasi ya kujikunyata.

Kwa kazi ya mikono hakuwa na wasiwasi. Kilichomnyima raha ni mlio asioujua chanzo chake. Mkewe, Rispah, alishamzoea. Wakiwa mezani Katana huweza kusimamisha tonge hewani, akatega sikio gari likipita nje, akasema, "Hilo limelegea nati ya mbele," ndipo akala.

Mwaka wa 1996 Maalim Badawi, aliyekuwa akisomesha madrasa huko Kuze, alimletea gari lake, Pijo 504 la steshenwageni. Bomba la zamani lilikuwa limeliwa na kutu mpaka limebaki jina. Mkwewe Maalim aliyekuwa akifanya kazi Dubai alikuwa amemtumia jipya, zuri, nene, linang'aa kama sinia la harusi. Shida ni kwamba halikutengenezwa kwa gari lile hasa. Lilitengenezwa kwa magari ya namna ile, yaani lilikaribia kuyaenea yote, na halikuenea hata moja sawasawa. Kona ya kupanda juu ya ekseli ya nyuma ilikuwa pana mno, na vishikio vya kuningʼinizia havikukutana na mipira yake. Cha mwisho kabisa kilikosea kwa vidole vitatu.

Katana alishughulika nalo siku mbili. Alikata hapa, akachomelea pale. Kwa kishikio kile cha mwisho, mpira ulikataa kufika, basi akachomelea ukanda wa chuma kutoka kwenye bomba hadi kwenye chesisi, fremu ya gari. Akalishika bomba kwa mikono miwili na kulitikisa. Gari zima lilitikisika nalo.

"Hili haliendi popote, Maalim," alisema, naye Maalim akaondoka ameridhika.

Baada ya wiki mbili alirudi.

"Linagonga, Bwana Katana."

"Linagonga lini?"

Maalim alitazama huku na huku. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na neno lililokuwa mdomoni mwake lilimwia zito. "Jumapili," alisema.

Katana alidhani anataniwa. Lakini Maalim akaeleza. Siku sita za juma gari lilizunguka kisiwani, nyumbani na sokoni na madrasa, na halikutoa kishindo. Jumapili alimpeleka mamake, Bi Mwanakuu, Mtwapa kumtazama dadake, Bi Maisara, ambaye miguu yake haikuweza tena safari. Siku hiyo tu ndipo chini ya kiti cha nyuma huanza: ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi.

Katana aliliingiza gari shimoni, akalitikisa bomba, akasikiliza injini. Kimya. Kwa kuwa hakuona kosa, alifanya kile mafundi wengi hufanya wasipoona kosa: alikaza. Aliongeza kipande cha pili cha chuma kwenye ukanda ule. Jumapili iliyofuata bomba liligonga kwa nguvu zaidi.

Nyumbani kwa Maalim jambo hilo lilikuwa limeshapatiwa jibu. Bi Mwanakuu alikuwa mwanamke mnene, na alipenda kukaa nyuma, upande wa kushoto, mlio unakotokea. Wajukuu hawakumwambia kitu, lakini siku moja aliwasikia uani, mmoja anabisha ko-ko-ko kwenye ndoo na mwenzake anasema, "Bibi amepanda!" Wakacheka mpaka wakakohoa. Bi Mwanakuu aliingia chumbani taratibu. Jumapili ile alisema kichwa kinamuuma. Jumapili ya pili alisema jua kali. Bi Maisara alituma salamu kuuliza amemkosea nini dadake.

Haya yote Maalim alimweleza Katana siku ya Jumamosi, akiwa ameegemea mlango wa gari, na kumbe mamake mwenyewe alikuwa ndani, kiti cha nyuma, ndani ya buibui lake, akiyasikia yote. Alikuwa amekuja kwa hiari yake. Akafungua mlango.

"Sabalkheri, fundi."

"Sabalkheri, Bi. Karibu."

"Nataka kujua. Kama ni mimi, nambie ni mimi. Sitalia. Lakini nataka kujua, si kudhania."

Katana alijifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alimpenda palepale mama huyu, kwa sababu na yeye alikuwa vivyo hivyo.

Akamweleza kwamba bomba linapita juu ya ekseli, chini ya sakafu ya gari, na kwamba gari likibeba uzito ekseli na sakafu hukaribiana. Pengine bomba hubanwa hapo katikati. Lakini pale juu kidole hakifiki wala jicho halioni vizuri, kwa hiyo hajui nafasi iliyobaki ni kiasi gani watu wakishapanda.

Bi Mwanakuu alifikiri. "Nikipika pilau ya watu wengi, huziba mfuniko wa sufuria kwa unga uliokandwa. Nikiuondoa, unga huwa umeshika sura: mnene palipo wazi, mwembamba palipobana. Sasa wewe weka unga hapo pako. Utakwambia."

Katana alimtazama, halafu akacheka kwa furaha, kama mtu aliyepewa ufunguo.

Jirani yake gerejini alikuwa Kanze, mama wa mgahawa mdogo, na wakati ule alikuwa akikanda unga wa chapati. Aliombwa donge moja. Aliuliza la nini, na alipoambiwa ni la gari aliacha chapati zake akaja kuona. Katana alishuka shimoni, akaviringisha vijiti vya unga na kuvipachika juu ya bomba, kila mahali alipoweza kuvisukuma kwa waya. Kisha akaomba watu wapande. Bi Mwanakuu alikaa mahali pake pa siku zote, Kanze akakaa kando yake, Maalim akakaa mbele.

"Rukeni!" Katana alipiga kelele kutoka chini.

"Turuke vipi?" Maalim aliuliza.

"Kama mko kwenye barabara mbovu!"

Wakaruka. Kanze alishikwa na kicheko, Bi Mwanakuu akamwambia anyamaze aruke vizuri, hii ni kazi. Mwishowe Katana alitoka na vijiti vya unga vimepangwa kiganjani, akavionyesha mlangoni mwa gari. Kilichobanwa zaidi ya vyote kilikuwa bado na unene wa kidole gumba.

"Bi, hata mngekuwa watatu kama wewe, bomba lisingegusa."

Bi Mwanakuu alikichukua kile kijiti cha unga akakigeuza, akakitazama pande zote. "Basi si mimi," alisema kwa sauti ndogo. Maalim aliinamisha uso.

"Si wewe. Lakini ni nini, sijui."

Hapo ndipo Katana alipoanza kumuuliza mama maswali ambayo alipaswa kumuuliza tangu awali. Maalim dereva alisikia mlio na kukereka. Mamake alikuwa ameusikiliza. Mlio huanza wapi? Akajibu kwamba wakitoka nyumbani gari ni kimya. Wanavuka daraja la Nyali, kimya. Huanza wakishapita Bamburi.

"Na mkirudi?"

"Tukitoka kwa Maisara ni kimya pia. Huanza ndiani, kabla ya kufika Bamburi."

"Kwa hiyo si mahali," Katana alisema. "Si shimo fulani la barabarani."

"Si mahali. Mimi nikipanda gari husoma Yasini. Nikiimaliza, nikinyanyua mikono kuomba dua, ndipo nisikiapo ko. Kwenda na kurudi. Mwanzo nilidhani ni jambo la kutisha, kisha nikaona hapana, ni saa tu. Ni kama mtu anayengoja nimalize."

Katana alisimama na spana mkononi. Kitu ambacho hakitegemei uzito wala mahali, kinategemea muda tu. Robo saa hivi ya mwendo. Na kisiwani Maalim hakuendesha robo saa bila kusimama hata siku moja.

"Kesho mtakwenda Mtwapa?" aliuliza.

Bi Mwanakuu alimtazama mwanawe. "Tutakwenda," alisema.

Siku ya pili, baada ya ibada ya asubuhi kanisani, Katana alifika Kuze na gunia chini ya kwapa. Kabla hawajaondoka alitambaa chini ya gari akapachika tena unga juu ya ekseli. Akaketi mbele kando ya Maalim. Nyuma, Bi Mwanakuu alianza kisomo chake kwa sauti ya chini, na Katana, ambaye hakuyajua maneno yale, aliufuata mdundo wake tu, akingoja. Walipita Nyali. Walipita Bamburi. Kisomo kikatulia, mama akanyanyua mikono.

Ko.

Halafu ko, ko, ko.

"Simama hapa, Maalim! Usizime!"

Katana alitandika gunia kandokando ya barabara akaingia chini. Joto lilimpiga usoni. Aliangalia juu ya ekseli, akaangalia tena. Unga ulikuwa umeungua mweusi. Nusu yake ilikuwa imedondoka, na nusu iliyobaki ilikuwa nyembamba kama ukucha. Bomba lililokuwa limekaa sawa jana shimoni lilikuwa limejipinda kwenda juu kama upinde, na kila injini ilipotikisika liligonga sakafu.

Lilikuwa limerefuka. Chuma kikipata moto hurefuka. Alilijua hilo tangu kwa mhunzi, kila siku ya kazi yake. Bomba refu vile, la kutoka injini mpaka mkiani, likishapata moto kamili linataka nafasi ya kwenda nyuma. Akageuza shingo kutazama nyuma, na pale mwisho akauona ukanda wa chuma alioushikiza mwenyewe, na kipande cha pili alichoongeza mwenyewe, vimelishika bomba kwa nguvu zote. Kwa nyuma limezibiwa njia, na kwa mbele kuna injini. Limekosa pa kwenda ila juu.

Alikaa chini ya gari kitambo kidogo kupita haja. Angeweza kutoka akasema bomba la Dubai ni bovu, na hakuna ambaye angebisha. Alitoka, akajipangusa mchanga, akaenda mlango wa nyuma.

"Bi Mwanakuu, kosa ni langu. Nililifunga mahali palipotaka kuachwa huru. Mliponiletea mara ya pili nikalifunga zaidi. Na wewe ukabeba lawama yangu, ukakosa kumwona dadako. Uniwie radhi."

Maalim alitaka kusema kitu cha kulainisha, mamake akamzuia kwa mkono. Alimtazama Katana, uso wake umejaa masizi na jasho.

"Mimi nimekuwia radhi," alisema. "Sasa nieleze. Hurefuka kiasi gani?"

Katana alionyesha kwa vidole: upana wa kidole, pengine kidogo zaidi.

"Kwa moto tu?"

"Kwa moto tu."

"Subhanallah," alisema Bi Mwanakuu, akainama kutazama chini ya gari lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Waliendelea hadi Mtwapa, gari likigonga njia nzima, na safari hii hakuna aliyeona haya. Bi Maisara alimlisha Katana samaki wa nazi mpaka akaomba aachiwe.

Jumatatu aliukata ukanda wa chuma. Mahali pake alitengeneza kishikio kipya kinachofika, akaningʼiniza bomba kwa mpira mnene aliokata kwenye ukuta wa tairi kuukuu, lipate kuchezacheza. Kona ile pana hakuibonyeza kwa nyundo, ingawa ingekuwa kazi ya dakika tano. Aliiondoa, akajaza mchanga katika kipande kipya cha bomba, akakikunja upya kufuata ekseli. Halafu hakumwita Maalim. Aliendesha gari mwenyewe hadi Bamburi na kurudi, akaliingiza shimoni likiwa bado moto, akapima nafasi hapo hapo. Kidole kimoja na nusu. Mlio haukurudi tena.

Tangu siku hiyo wateja wa Katana walishangaa kuulizwa mambo: unakwenda wapi na gari hili, mwendo wa muda gani, nani hukaa nyuma, ukiwa mbali husikia nini. Wengine walikasirika, wakasema wameleta bomba, si ushahidi mahakamani. Alingoja wamalize, kisha akauliza tena.

Mwezi mmoja baadaye Maalim Badawi alipita gerejini na ujumbe. Nyumbani kwao jikoni kulikuwa na paa la mabati, na kila siku jua likishatua paa hilo hulia, ta, ta, ta, na miaka yote watu wa nyumba wamesema ni paka.

"Mama amesema nikuulize," Maalim alisema. "Anasema si paka. Anasema mabati yanapoa, yanarudi ufupi wake. Yuko sawa?"

Katana aliweka nyundo chini. "Mwambie yuko sawa," alisema. "Na mwambie nitakuja kuyasikiliza."