Baba Alipoomba Asistaafu

Ulikuwa mwaka wa tano tangu nihitimu ualimu, na nilikuwa bado najitolea katika shule ya msingi ileile alikofundisha baba yangu, huku juu Litembo. Yeye alifundisha hisabati kwa mshahara. Mimi nilifundisha darasa la tatu kwa shukrani za mwalimu mkuu na mahindi ambayo wazazi walinichangia baada ya mavuno. Mshahara wa baba ndio uliotulisha sote: yeye, mama, mimi na binti yangu mdogo.

Asubuhi tulitoka pamoja, tukapita katikati ya mibuni, yeye mbele kwa sababu njia ni nyembamba. Mimi nyuma nilikuwa nikiangalia jinsi alivyoanza kuuburuta mguu wa kulia. Ilibaki miezi michache atimize miaka sitini, na mwalimu akifika hapo hana hiari tena, anaondoka.

Siku hizo redioni hakukuwa na jambo jingine. Maprofesa na madaktari bingwa walikwisha kuongezewa miaka ya kazi, sasa watu walibishana kama na walimu waongezwe, na kama mishahara ya wataalamu inafanana na kazi yao. Wengine walipiga simu kusema wazee wawapishe vijana. Wengine walisema vijana hawana uzoefu. Mama, aliyekuwa barazani akichambua kahawa, alisema tu, "Hao wote wana vocha."

Kisha walimu wakaitwa Mbinga kutoa maoni. Tuliosoma ualimu na hatuna ajira tuliruhusiwa kukaa nyuma. Baba alikaa safu ya mbele, na koti lake la harusi na misiba. Maisha yake yote hakuwa mtu wa kusema kwenye vikao, kwa hiyo aliponyoosha mkono nilidhani ataulizia mafao.

"Mimi naomba tuongezewe miaka mitano," alisema. "Bado nina nguvu."

Wazee wenzake walimpigia makofi. Kijana aliyekaa kando yangu, naye anajitolea shule ya Lituhi kule ziwani, aliniinamia. "Huyu mzee si akapumzike?"

"Ni baba yangu," nikamwambia.

Aliinamisha kichwa. "Samahani, dada." Kisha akaongeza, taratibu, "Lakini si na wewe unasubiri?"



Wakati wa kurudi mvua ilinyesha, bodaboda ikashindwa mlima, tukashuka na kutembea. Nilimwacha baba apumue kwanza, kisha nikamuuliza.

"Baba, kweli una nguvu?"

"Sina."

"Sasa mbona umesema vile?"

Nyumbani tunaongea Kimatengo. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili, kama vile nimemfuata ofisini. "Mama, nikistaafu, pensheni haitawatosha ninyi watatu. Unamwona mwenzangu aliyetangulia kustaafu. Sasa anauza vitumbua stendi, na watoto aliowafundisha wanapita wakimwamkia."

"Ukibaki wewe, mimi nitaingia wapi?"

"Na nikiondoka, nani amekuhakikishia kwamba watakuweka wewe?"

Nilitaka kumkasirikia nikakosa pa kuanzia. Alikuwa amesimama mbele ya watu na kudanganya juu ya mwili wake kwa ajili yangu, na uongo wenyewe ulikuwa unanifungia mlango. Tulipofika, mama alitutazama nyuso akaenda kubandika chai.

Miaka haikuongezwa, si kwa walimu wa kwetu. Baba akastaafu. Wanafunzi wakaimba, walimu wakamnunulia godoro, mwalimu mkuu akalia katikati ya hotuba. Nafasi yake haikujazwa. Vipindi vyake nilipewa mimi, kwa muda, nikaambiwa, na muda huo unaendelea hadi leo. Mafao yalichelewa, na yalipokuja yalikuwa madogo kuliko tulivyoogopa.

Nilikuwa na madarasa mawili kwa wakati mmoja, la tatu langu na la saba la baba. Nikiwaandikia la tatu ubaoni, la saba wanapiga kelele, nikikimbilia la saba, la tatu wanatoka nje. Siku moja nilirudi la saba nikakuta kimya. Baba alikuwa ameegemea meza, chaki mkononi, akiwafundisha hesabu za sehemu. Hakuna aliyemwita. Tangu hapo huja kila mguu unapomruhusu, na mwalimu mkuu hujifanya haoni, kwa kuwa hana mwingine. Watu huku husema tumejaliwa familia yenye moyo. Mimi naona watu wawili wanaofanya kazi ya mtu mmoja aliyelipwa, na hatulipwi.

Juzi mjadala ulirudi redioni, sauti mpya, maneno yaleyale. Baba alisikiliza kidogo, akatoa betri, akazitia kwenye tochi, akaenda kuwaangalia nguruwe.

Mama aliniuliza kama nimeomba tena ajira. Nimeomba. Umri wa kuomba nao una mwisho wake, na siku hizi nauhesabu kama baba alivyokuwa akiuhesabu wake. Binti yangu ameanza shule. Majuzi aliniambia akikua atakuwa mwalimu kama babu, nami nikamwambia alete sahani, chakula kinapoa.