Hita ya Fundi Kuldip

Kwa miaka thelathini fundi Kuldip wa Kitale aliwafokea wateja waliomletea magari yaliyokaukiwa mafuta. "Gari haiendi kwa maombi, bana!"

Alipostaafu alinunua gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani, akaanza kuzunguka na mkewe, Simran. Julai hii waliamkia Kiminini, kando ya kituo cha mafuta, wakitetemeka. Hita ya gari ilikuwa imezimika. Kuldip aliifungua mara tatu, akiitukana. Simran, amejifunika mablanketi mawili, akatazama mshale wa dizeli. Ulikuwa umelala chini kabisa, na hita hutumia dizeli ya tangi hilo hilo la gari.

Wakajaza. Hita ikanguruma, vidole vikapata uhai.

"Kumbe hita nayo haiwaki kwa matusi, Baba Yuvraj," Simran akasema.