Kijino Nilichokipiga Tupa

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha kwenye kibaraza cha nyumba yetu ya kupanga, Mikindani, msimu wa mvua nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana moja ya Changamwe, hadi bamba la chuma lilipomwangukia mkono wa kulia. Plasta ilipoondolewa aliambiwa auzoeze mkono kazi ndogo ndogo. Mwajiri wake naye akamwahidi kwamba mkono ukipata nguvu kabla mvua hazijaisha, nafasi yake ingalipo. Mzee mmoja wa Mkomani, ambaye Baba aliwahi kumtengenezea geti, alikuwa amempa ufito wa kuvulia na gurudumu lake la mshipi, la aina ile ya kurushia chambo chepesi cha manyoya. Baba akalifanya hilo kuwa zoezi lake. Kila Jumamosi asubuhi, maji yakijaa, tulishuka horini nyuma ya mikoko, yeye na ufito, mimi na kikapu.

Gurudumu lilimchosha mkono, kwa hiyo tukaamua kulipunguza uzito wenyewe. Baba alichora kwa penseli mahali pa kutoboa kwenye ule mviringo wa ndani unaozungushiwa uzi, nami nikazungusha kekee kwa sababu mkono wake ulitetemeka. Vumbi la bati lilining'ang'ania vidoleni, likichanganyika na mafuta ya cherehani tuliyolainishia gurudumu. Tukang'oa kishikio cha shaba, tukaweka kijiti cha mkorosho nilichokipiga msasa mpaka kikateleza kama kokwa la ukwaju. Mama Kadzo, jirani yetu muuza dagaa, alituazima mizani yake. Kila mshale uliposhuka Baba alicheka kwa sauti, na kicheko hicho hatukuwa tumekisikia tangu aumie. Mama alikuwa akiacha kufua nguo aje achungulie.

"Dama," Baba akaniita siku tuliyomaliza.

"Abee, Baba."

"Hapa inatosha. Huku ndani usiguse. Kijino hiki na springi yake ndivyo vinavyolizuia gurudumu lisikimbie samaki akivuta. Umenielewa?"

Nilimwelewa vizuri sana. Lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu, nami nilikuwa na pupa ya kile kicheko. Alhamisi Baba alipokwenda kliniki, nilichukua bisibisi nikalifungua gurudumu, nikakipiga tupa kile kijino hadi kikawa chembamba kama ukucha wangu. Nilipolifunga na kulizungusha lililia tik-tik vilevile, ila kwa sauti ndogo zaidi. Nikalipeleka kwa Mama Kadzo. Mshale haukusogea hata kidogo. Nililirudisha mahali pake, nikajiambia kwamba basi sikuharibu kitu.

Jumamosi ile samaki mkubwa alinasa. Kolekole, nadhani, tuliona ubavu wake uking'aa mara moja tu. Baba akapiga ukelele wa furaha, akanitazama, na hapo nikasikia *tak*, mlio mdogo ambao nadhani ni mimi peke yangu niliyeujua maana yake. Gurudumu likaanza kukimbia ovyo, uzi ukajifunga mafundo, kishikio kikimpiga Baba vidole. Akajaribu kulizuia kwa kiganja kile kibovu. Uzi ulipokwama ghafla, ufito ulichomoka mkononi mwake ukazama, na maji yakafunga juu yake. Tulisimama pale tukitazama. Baba aliukunja mkono, akaukunjua, akaukunja tena.

"Umeniacha," akasema, akizungumza na ule mkono. "Wallahi, umeniacha."

Ningesema wakati ule. Neno lilikuwa mdomoni. Nikainama, nikajifanya natafuta chambo kikapuni.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalizaliwa siku hiyo hiyo. Baba hakurudi karakanani. Mama alimsihi akajaribu, walau siku moja, naye akamjibu kwamba mtu asiyeweza kushika fimbo hawezi kushika moto karibu na macho ya wenzake. Akawa bawabu wa ghala, akafungua na kufunga mageti yaliyochomelewa na wengine, miaka kumi na tisa. Jioni akirudi nilimpokea kofia, nikamwambia shikamoo, na siri yangu ikakaa kati yetu kama mgeni asiyeaga.

Nilimwambia mwezi uliopita, nyumbani kwangu Chaani, anakokaa nami tangu Mama afariki. Nilieleza yote: bisibisi, tupa, ule mlio. Nilitarajia anikaripie, au anisamehe.

"Kwa hivyo siku ile," akauliza taratibu, "mkono wangu ulikuwa unaweza?"

"Huenda uliweza, Baba."

Akautazama mkono uliokuwa juu ya goti, umejaa mishipa, sasa dhaifu kwa uzee na wala si kwa bamba. Akajaribu kuukunja ngumi. Vidole viliishia nusu. Siku hizi karakana zina mashine za kila namna, na mwanangu hutazama kwenye simu jinsi ya kurekebisha kitu chochote. Mimi nilipata nafasi moja tu ya kurekebisha, nayo ilihitaji sentensi moja, pale ufukweni. Nimeisema baada ya miaka ishirini na minane, kwa mtu ambaye hana tena la kuifanyia.